Gramu Ngapi Kikombe Kimoja

Mtaani walimwita Dakika, na si kwa sababu alikuwa mwepesi wa kazi. Alikuwa fundi saa. Ukimpelekea saa iliyosimama, aliipokea kwa vidole viwili kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga, akaiweka sikioni, akafumba macho, halafu akakuambia, "Nipe dakika chache." Ukirudi jioni ulimkuta bado ameiweka sikioni. Wateja walilijua hilo, na yeye alilijua kuliko wateja.

"Saa zikija kwangu hupumzika kwanza," alipenda kusema. "Zimechoka kukimbia."

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, mahali ambapo mtu mwingine angeweka ndoo na mifagio. Kila aliyepanda au kushuka alimmwagia vumbi utosini, ndiyo maana alifanya kazi amevaa kofia hata wakati wa joto kali. Mezani alikuwa na kioo cha kukuzia, vibano, bisibisi nyembamba kama njiti za kiberiti na, juu ya kitambaa cheusi, mizani ndogo aliyoinunua kwa sonara mmoja aliyekuwa anafunga duka. Mizani ile ndiyo iliyokuwa fahari yake. Iliweza kupima hata chembe ya sukari, lakini uwezo wake ulikoma kwenye gramu hamsini. Ukizidisha hapo ilikuandikia vistari tu, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolisoma. Mikanda ya saa ya dhahabu, ambayo ndiyo aliyoinunulia, ilikuja kwa nadra mno, kwa hiyo alipima alichokipata. Alipima vifungo vya shati. Alipima kucha zake. Siku moja alipima inzi, akasikitika kwamba hapakuwa na mtu wa kumwambia matokeo.

Tangu simu ziingie mifukoni zikiwa na saa ndani yake, kazi ilikuwa imekonda, na nyumba ilisimama kwa mikate ya mkewe. Hakulificha hilo. "Mama watoto anauza mikate," aliwaambia watu. "Mimi nauza subira, na soko la subira limedorora."

Mkewe alioka mikate hiyo uani, kwenye tanuri la matofali, akaipeleka kila asubuhi ya siku za kazi kwenye bweni la wanafunzi wa uuguzi lililokuwa nyuma ya hospitali. Alianza na kikapu kimoja alichokwenda nacho bila kuitwa, akamwonjesha matroni mlangoni, na tangu siku ile wasichana wa bweni hawakutaka mkate mwingine. Kila kitu alikipima kwa kikombe kimoja cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu uliobanduka rangi. Vikombe vinne vya unga, kikombe kimoja na kidogo cha maji, kisha chumvi, sukari, hamira na mafuta kwa kijiko. Huo ulikuwa mkupuo mmoja, na mkupuo mmoja ulitoa mikate miwili.

Dakika alikuwa ameutazama upimaji huo kwa miaka mingi, kwa uchungu wa mtu anayeona saa ya ukutani imetundikwa upande.

"Kidogo ni kiasi gani?" alimwuliza mkewe wakati fulani.

"Kidogo ni kidogo, baba watoto. Kikiwa kingi si kidogo."

Basi Ijumaa moja mkewe aliteleza kwenye sakafu iliyomwagikiwa maji ya sabuni, akauangukia mkono wa kulia. Alirudi kutoka hospitali mkono umefungwa plasta ngumu kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Jioni ile ile matroni wa bweni alikuja kumpa pole. Alikuja na mfuko wa machungwa, akaketi, akavua viatu kama mtu wa nyumbani, lakini uso wake ulionyesha kwamba machungwa hayakuwa yote aliyoyabeba.

"Pole sana, dada," alisema. "Sasa nikufiche nini? Wenye kiwanda cha mikate wamenijia tena. Wanataka tusaini mkataba wa mwaka mzima. Nimekuwa nikiwazungusha kwa sababu wasichana wangu wanapenda mkate wako. Lakini Jumatatu meza yangu ikiwa tupu, nitawazungusha kwa lipi?"

"Haitakuwa tupu."

"Nani atapika?"

Dakika alikuwa amesimama mlangoni akimenya chungwa, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mimi."

Matroni alimtazama kuanzia kofia hadi kandambili. Kisha akamgeukia mwenye mkono wa plasta. "Huyu?"

"Huyu huyu," mkewe akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa dukani kwamba imebaki saizi hiyo tu.

"Haya. Jumatatu asubuhi nitaonja mwenyewe. Ukiwa mkate, wa kiwanda nitawaambia waende zao. Usipokuwa mkate, unisamehe dada yangu, natia sahihi."

Alipoondoka, mke alikaa akiutazama mkono wake kama mgeni asiyejulikana ataondoka lini. "Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima wakila wa kiwandani, watauzoea. Nikilipoteza bweni sipati lingine, baba watoto. Mtaani humu kila mtu anajipikia."

"Hulipotezi," Dakika alisema, na moyoni akaongeza: umempata bingwa. Alikuwa ameingoja nafasi hii kwa muda mrefu. Aliona aibu kidogo kwamba nafasi yenyewe imekuja kwa kuvunjika mkono wa mtu, lakini aibu hiyo haikumchelewesha.

Kesho yake asubuhi mkewe aliketi kwenye kigoda jikoni, akamwonyesha kwa kidevu mfuko wa unga. "Chukua kikombe. Nitakuelekeza."

"Kikombe si kipimo," Dakika akasema. "Kikombe ni chombo cha chai. Kwanza nakigeuza kuwa gramu. Nikishapata gramu, hata ukivunjika mkono wa pili nyumba hii haitatetereka."

"Ushindwe na ulegee! Mkono wa pili umekukosea nini?"

Lakini fundi alikuwa amekwisha kwenda kibandani. Alirudi amekumbatia mizani yake ndani ya kitambaa cheusi, akaiweka juu ya meza ya jikoni, akaisawazisha kwa kipande cha kadibodi. Hapo tatizo la kwanza likajitokeza. Kisahani cha mizani kilikuwa na upana wa mfuniko wa chupa ya maji. Kikombe cha bati hakikukaa, na hata kingekaa, kitupu tu kingeshinda gramu hamsini.

Mtu mwenye akili timamu, alikuja kujiambia baadaye, angeishia hapo. Yeye alifurahi. Tatizo lilimpa nafasi ya kuonyesha maarifa. Kama kikombe hakipandi, kijiko kitapanda. Anachohitaji ni kujua vijiko vingapi vinajaza kikombe, na kijiko kimoja kina gramu ngapi, kisha azidishe. Kwa kuwa unga hutimua vumbi na vumbi ni adui wa mizani, vijiko alivihesabu kwa maji. Alimimina kijiko baada ya kijiko, ulimi ukiwa nje, mpaka maji yakafika ukingoni. Vijiko ishirini. Kisha akachota kijiko kimoja cha unga, akakipakua kwa uangalifu kwenye kisahani, akavuta pumzi na kuibana. Gramu kumi na tatu. Ishirini mara kumi na tatu. Akachukua chaki, akaandika kwenye mlango wa jikoni: 260.

"Mia mbili na sitini ya nini?" mkewe aliuliza.

"Gramu. Ndicho kikombe chako."

"Mbona kama nyingi?"

"Kwani wewe unazijua gramu?"

"Sizijui. Lakini zinaonekana nyingi."

Dakika alitabasamu kwa huruma, tabasamu ambalo baadaye angelipa chochote alirudishe mdomoni. Akaendelea na chumvi, sukari na mafuta. Akagundua kwamba kijiko kile kile kikijaa chumvi kina uzito wake, kikijaa sukari kina mwingine, na mafuta nayo ni mepesi kuliko maji. Alisisimka mpaka kofia ikamkaa upande.

"Mama watoto, njoo uone! Kijiko kile kile, lakini kila kitu na uzito wake!"

"Hilo ndilo la ajabu? Ukiambiwa uchague kubeba debe la mkaa au debe la maji, ungebeba lipi?"

Fundi alijifanya hakusikia. Maji ya mkupuo mkewe aliyamimina mwenyewe kwa mkono wa kushoto, maana kile kidogo chake alikijua yeye peke yake. Mumewe akapima unga kwa gramu zake, hamsini hamsini kwenye kipande cha karatasi, kazi iliyokula asubuhi nzima, kisha akaanza kukanda. Dakika chache za mwanzo alidhani ndivyo kazi ya kukanda ilivyo. Baadaye alianza kumhurumia mkewe kwa miaka yote ile. Donge halikukubali kukunjika. Alilipiga ngumi, likamrudishia ngumi. Alilisimamia kwa mikono miwili, meza ikalia lakini donge likakaa kimya.

"Baba watoto," mkewe akasema taratibu, "hilo si donge. Hilo ni tairi."

"Likikaa litalainika."

Lilikaa, halikulainika. Lilipotoka tanurini lilikuwa na rangi nzuri sana ya mkate, na hapo ndipo ufanano ulipoishia. Harufu ilimvuta jirani yao muuza nyama wa ng'ambo ya barabara, ambaye wateja walimwita Kilo Kasoro kwa sababu alizodai hazijui. Aliingia akijifuta mikono kwenye aproni.

"Shemeji, pole na mkono. Nasikia leo anapika mzee." Akauchukua mkate, akaugonga kwa kidole. Ukatoa sauti. Akaugonga tena, kwa heshima zaidi. "Jirani, huu ni wa kula au wa kujengea?"

"Ni wa majaribio," Dakika akajibu.

"Basi majaribio yakiisha nipe mimi. Gogo langu la kukatia mifupa limeanza kuchoka."

"Jamani msinichekeshe," mwenye plasta alilia, machozi yakimtoka, "nikicheka mkono unauma!"

Kilo Kasoro alipokwenda zake, Dakika alibaki peke yake mezani na kijiko. Alikichovya kwenye maji, akakiinua. Maji yalikuwa yametulia sawa na ukingo, bapa kama kioo cha saa. Akakichovya kwenye unga, akakiinua. Juu ya kijiko palikuwa na kilima. Akakitazama kile kilima kwa muda mrefu. Maji hayarundikani. Kikombe chake alikuwa amekihesabu kwa vijiko bapa, kisha akakipima kwa vijiko vyenye kilima. Alijigonga paji la uso kwa kijiko, unga ukamwagika usoni, na hivyo ndivyo mkewe alivyomkuta, mweupe hadi kwenye nyusi.

"Umeona nini?"

"Nimeona profesa wa unga," alisema. "Yupo hapa. Mpe pole."

Sasa alitaka kikombe kizima kwenye mizani inayoweza kukibeba, na mizani ya namna hiyo karibu na nyumba ilikuwa moja tu. Kwa miaka mingi alikuwa ameisema vibaya mizani ya Kilo Kasoro mbele ya watu. Alivuka barabara amebeba kikombe na mfuko wa unga, akitembea kwa haraka kidogo kuliko kawaida ili wasimwone wengi.

"Karibu, jirani," Kilo Kasoro alisema kwa sauti ya kusikika hadi kona ya pili. "Leo umekuja kupimiwa na mwizi?"

"Nani amekuita mwizi?"

"Wewe. Hapo hapo ulipokanyaga."

"Nilisema mizani inakosea. Wewe binafsi sikukutaja."

"Ahaa. Basi weka kikombe, na kidole changu nakiweka mfukoni ukikiona."

Dakika alikipima kikombe kitupu kwanza, kisha akakijaza unga. Hakutaka kosa la pili. Alijua hewa ni adui mwingine, kwa hiyo alikigonga kikombe kwenye kaunta, tap tap tap, unga ukashuka. Akaongeza, akagonga tena, akaukandamiza kwa kiganja, akaukata juu kwa kisu cha muuza nyama mpaka ukawa bapa kama meza. Namba nyekundu zikatulia. Ukiondoa kikombe chenyewe, unga ulikuwa gramu mia mbili kamili. Alivuka barabara kichwa juu, akafuta ile 260 mlangoni kwa kiwiko, akaandika 200.

Safari hii donge lilikunjika, ingawa kwa manung'uniko. Mkate ulipanda kidogo, ukasita, kama mgeni asiye na uhakika kama amealikwa. Mkewe alikata kipande, akakitafuna polepole, huku mumewe akimtazama taya kama anavyotazama gurudumu la saa likianza kuzunguka.

"Huu ni mkate," alisema hatimaye.

"Enhe!"

"Lakini si wangu. Ni mzito, baba watoto. Wasichana wataula Jumatatu wakidhani ni adhabu." Akaweka kipande mezani. "Umejitahidi. Kesho nitakwenda mwenyewe kwa matroni nimwambie atie sahihi. Bora nimwambie mimi kuliko aseme yeye."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma. Angemfokea, angejua la kujibu. Dakika alitoka akakaa kwenye ngazi ya uani, kofia mkononi. Alijiona alivyo, mtu mzima aliyewahi kumpima inzi, aliyetumia unga wa siku nzima kuthibitisha kwamba mkewe hajui kupima, na bweni ambalo mkewe alilipata kwa miguu yake mwenyewe lilikuwa linamponyoka kwa sababu mume alitaka kuandika namba mlangoni. Isingekuwa ni yeye mwenyewe, angemcheka mtu huyo. Akajaribu kumcheka. Kidogo ikawezekana.

Jumapili asubuhi, kabla mkewe hajavaa viatu vya kutokea, Dakika alisimama mbele yake.

"Nikuulize jambo moja, halafu uende. Donge likiwa sawa, unajuaje?"

"Swali gani hilo?"

"Nijibu tu."

"Naliminya. Likiwa sawa, linarudi. Likiwa bado, linanata. Likizidi unga, linakaa tu, halikuitikii."

"Unaminya kwa mkono gani?"

"Kwa kidole tu. Chochote."

"Hata cha kushoto?"

Akamtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu jana. "Hata cha kushoto."

Dakika alivuka barabara mbio, na aliporudi alifuatana na Kilo Kasoro, ambaye alikuwa amebeba mizani yake begani kama mtu anayehama nyumba. Aliiazima kwa sharti kwamba atakuwepo. "Onyesho kama hili," alisema, "siwezi kulisikia kwa kusimuliwa." Wakaupima mfuko wa unga mzima mzima, wakaukariri uzito wake. Mke akamimina maji kwenye beseni, kikombe kimoja na kidogo, na kabla hayajaguswa Dakika akaliweka beseni juu ya mizani. Ukiondoa beseni lenyewe, maji yalikuwa gramu mia nne. Kikombe kilichojaa maji, kwa hesabu ya vijiko vyake ishirini vya gramu kumi na tano, kilikuwa mia tatu. Akaichukua chaki, akaandika: KIDOGO = 100.

"Miaka yote hii!" alisema. "Kidogo ni gramu mia moja!"

"Kanda, mzee," Kilo Kasoro akamwambia. "Utaibusu chaki baadaye."

Akaanza kutia unga bila kikombe, bila kijiko, kwa kiganja, huku akikoroga. Hakujua amefika gramu ngapi, na kutokujua huko kulimwasha mwilini kama upupu. Kila baada ya muda mkewe aliinama kutoka kwenye kigoda, akachomeka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

"Bado. Linanata."

Akaongeza.

"Bado."

Akaongeza.

"Ongeza kidogo."

"Gramu mia?"

"Wewe! Kidogo cha unga si kidogo cha maji."

Dakika alifungua mdomo, akautazama mlango wenye chaki, akafumba mdomo. Akaongeza kiasi cha kiganja, akakanda, akakanda tena. Kidole kikashuka. Donge likabonyea, kisha likapanda polepole, likafuta alama ya kidole kama halijawahi kuguswa.

"Acha hapo," mke alisema. "Hilo ni langu."

Wakaupandisha mfuko wa unga kwenye mizani. Ulikuwa umepungua gramu mia sita. Dakika akagawanya kwa vikombe vinne, akagawanya tena kwa sauti, akamgeukia mkewe. "Mia moja na hamsini. Kikombe chako kina mia na hamsini tu. Mama watoto, wewe hujazi kikombe."

"Mimi? Mimi najaza!"

"Kikijaa kabisa, hata bila kugongwa, hakiwi mia na hamsini tu. Hujazi."

"Miaka yote hii nachota, leo unifundishe ninavyojaza? Lete." Akakinyakua kikombe kwa mkono wa kushoto, akakizamisha mfukoni, akakiinua kimejaa mpaka kinamwagika. "Haya, hakijajaa hicho?" Na akiwa bado anamtazama mumewe kwa macho makali, mkono ule ukatikisika juu ya mfuko, kwa namna ya kupepeta, mara moja tu. Kilele kikaanguka. Unga ukabaki chini ya ukingo wa buluu.

"Hicho nini?" Dakika akauliza.

"Nini nini?"

"Hicho cha kutikisa."

"Nani katikisa?"

"Shemeji," Kilo Kasoro akasema kwa upole wa hakimu, "umetikisa."

Mke akakitazama kikombe. Akakitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba huongea usingizini. Akachota tena, safari hii akiusimamia mkono wake kwa macho, na mkono ukatikisika tena, kana kwamba si wa kwake.

"Mama yangu mzazi alikuwa anafanya hivyo," alisema pole pole. "Nilikuwa namwambia anapoteza wakati." Kisha akaanza kucheka, akaushika mkono wa plasta, akasema uuuwi, akacheka tena. "Sasa baba watoto, wewe ulikuwa unakandamiza kwa kiganja na mimi nilikuwa namwaga! Tungekutana wapi?"

"Mimi niliwaza hewa hailiwi," Dakika alikiri.

"Inaliwa sana," alisema Kilo Kasoro. "Mimi naiuza."

Mkate wa mkupuo ule ulipanda ukavuka ukingo wa kopo la kuokea. Mke alikata kipande, akala, akakata cha pili, na Dakika hakuuliza, maana anayekata cha pili amekwisha kujibu. Jioni akapima unga wa bweni zima kwenye mizani ya nyama, chumvi na hamira kwenye mizani ya sonara, akakanda mpaka mabega yakamwambia umri wake. Kila donge lilipita chini ya kidole cha kushoto. Mawili yalirudishwa. Moja lilihitaji maji kwa sababu mpimaji aliyebobea alikuwa amesahau kuondoa uzito wa beseni.

Jumatatu asubuhi alibeba vikapu viwili hadi bwenini. Njiani alipanga maelezo yake. Ataanza na kijiko na kilima chake, aeleze maji yasivyorundikana, afike kwenye kutikisa, amalizie na mia na hamsini. Alijiona akisikilizwa. Aliwaza kwamba pengine matroni atawaita wasichana waje wasikie, kwa kuwa wauguzi nao hupima dawa.

Matroni alimpokea kwenye mlango wa jiko. Hakumsalimia kwa maneno mengi. Alichukua mkate mmoja kutoka chini kabisa ya kikapu, si wa juu, akaubonyeza, akautazama ukirudi. Akaukata, akanusa, akatafuna. Mezani nyuma yake palikuwa na karatasi za kiwanda zikiwa zimewekewa kalamu juu.

"Huu ni wa mama," alisema.

"Ni wangu," Dakika akajibu. "Nimeupika mimi. Unajua, kikombe kimoja cha unga—"

"Ni wa mama," matroni alirudia, akiendelea kutafuna, na kwa mkono ulioshika kipande akamwashiria mpishi wa bweni. "Dada, ipange mezani, wasichana wanachelewa wodini." Kisha akazikunja karatasi za kiwanda, akazitia kwenye droo, akampa Dakika vikapu vitupu. "Mwambie asiuharakishe mkono. Na wewe, kesho uje mapema kuliko leo."

Alirudi na maelezo yake yote mdomoni, hayajaguswa. Mkewe alikuwa dirishani, na ni wazi alikuwa hapo tangu mumewe alipokata kona ya kwenda.

"Wamechukua?"

"Wamechukua."

"Yote?"

"Yote."

"Matroni kasemaje?"

Dakika aliviweka vikapu chini. Alifikiria kutia chumvi kidogo, akaona uzito wa chumvi anaujua sasa na hautamsaidia.

"Kasema ni yako," alisema. "Na kesho nije mapema kuliko leo."

Mke alimtazama mumewe, nyusi zake bado zina unga wa jana, akageuza uso kidogo ili asionekane anavyotabasamu.

"Haya, nawa mikono," akamwambia. "Kesho kasema uwahi."